Nadhiri ya Kitanda

Mama mkwe wangu alikuwa na kitanda kizuri ambacho hakukilalia. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona nilipoingia katika nyumba ya Maskati, mwisho wa mwaka wa sabini, miguu ikiwa bado imevimba kwa safari. Kitanda kilisimama chumbani kwake, kirefu, cha mbao nyekundu, na juu yake zimepangwa nguo zilizokunjwa, mashuka, na kikapu cha uzi wa kushonea kofia. Chini, ubavuni mwake, umetandikwa mkeka na mto mmoja. Nikadhani mkeka ni wa kusalia. Sikuuliza. Mtu hajavua hata viatu, ataanzaje kuuliza habari za vitanda vya watu?

Nyumba ilijaa wanawake, wengi wao wa kwetu Unguja, waliokuja Maskati kama alivyokuja mama mkwe, kwa meli, baada ya yale yaliyotokea mwaka wa sitini na nne. Nilitarajia vigelegele. Badala yake walinipokea kwa kilio. Mmoja alinishika mkono, akaugeuza, akaupapasa kiganja.

"Maskini," akasema. "Mikono ilookota kuni hii."

Huyo alikuwa jirani wa nyumba ya mbele, mama mwembamba mwenye sauti ya chini. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwanawe wa pekee alibaki Unguja, na tangu siku zile hapana aliyemletea habari zake, nzuri wala mbaya.

"Wallahi mmeteseka, mwanangu," akaendelea. "Lakini mshafika. Hapa hamtolala tena porini."

Porini? Nikamtupia jicho mume wangu. Naye alikuwa akinitupia mimi jicho lile lile.

Sasa niseme tulikuwa wapi. Mimi na mume wangu tulikuwa masomoni Uingereza nchi ilipopinduka, na kwetu hakukurudika tena. Tukaoana huko huko, kwa shehe mmoja, mashahidi wawili na sinia la biriani. Kisha yeye akapata kazi ya kuchora meli huko Denmark, nami nikapata kazi hospitalini. Mama yake alikuwa keshafika Maskati kwa kaka yake, akiwa na nguo alizovaa na Msahafu.

Mtu akitaja ukimbizi, watu hukaa mkao wa kusikia dhiki. Dhiki ilikuwapo, sikatai. Lakini Denmark ilikuwa na baskeli. Kila mtu alipanda: daktari, muuza maziwa, bibi kizee na kikapu chake cha mayai. Mimi mtoto wa kike wa mjini Unguja, niliyekuzwa ndani ya buibui, nilijifunza kupanda nikiwa mtu mzima, nyuma ya nyumba, mume wangu akikimbia kando huku ameshika kiti na kunigombeza. Nilianguka, nikachubuka magoti, nikamlaumu yeye. Nilipokwisha kujua, hakuna aliyeweza kunishusha.

Tukavizunguka visiwa vya nchi ile kwa baskeli, nchi tambarare kama sinia, upepo ukitusukuma siku moja na kuturudisha nyuma siku ya pili. Baadaye tukanunua kigari kikuukuu kilichokataa kuwaka kila palipokuwa na umande, tukaingia nacho Sweden, misitu asubuhi mpaka jioni, yeye akiendesha na mimi nimeshika ramani, tukigombana kila njia panda. Mwisho tukajifunza kupanda milima ya Norway kwa miguu, shanta mgongoni. Watu wa huko hupanda mlima ili wafike juu, wale kipande cha mkate, washuke. Mwanzo niliona ni wazimu. Kisha wazimu ule ukaniingia nami.

Kwa nini tulipenda hivyo? Nyumbani kwetu, katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, redio ilikuwa inatungoja. Habari za nani amefungwa na nani haonekani zilikuwa zinatungoja. Njiani hapakuwa na anayetujua sisi watoto wa nani, wala wa kutuonea huruma. Palikuwa na mvua, mkate, na mlima wa mbele. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo na uso unaniwaka. Watu wetu walikuwa wanalia, na mimi nilikuwa nasukumwa na upepo juu ya baskeli huku nimeachia breki.

Katika safari moja kama hizo alitupitia binamu yake mume wangu, mtoto wa mjomba, aliyekuwa akitoka London kwenda kumtazama baba yake Maskati. Sisi tulikuwa tayari njiani. Tukampokea stesheni, tukamtia garini, tukampeleka moja kwa moja mpaka kwenye ziwa moja Sweden tulilolipenda kupita yote, tukamtandikia ndani ya hema. Kwetu sisi ile ilikuwa heshima kubwa. Mgeni wetu alikuwa amevaa suti na viatu vyembamba vya mjini. Mvua ikanyesha. Asubuhi alitoka hemani na majani yamemganda nyweleni, akatuona tunapuliza moto wa kuni mbichi, akaja akachutama karibu yetu.

"Sisi ndivyo tunavyoishi, kila tukipata nafasi," mume wangu akamwambia kwa majivuno.

"Na nyumba?" akauliza taratibu.

"Nyumba ya nini," nikadakia mimi, "na dunia yote hii imetandikwa?"

Hakuuliza tena. Nilimpa mkate na samaki wa kopo, akala nusu, nusu akairudisha sahanini, akasema ameshiba. Adabu yetu ndiyo hiyo: ukimkuta mwenzako hana, humuulizi, humtazami machoni, unamsitiri. Tulipomrudisha stesheni alivua koti lake la sufi, akampa mume wangu kupitia dirisha la treni, na macho yake yalikuwa mekundu. Treni ilipoondoka tukacheka. Tukasema huyu London imemharibu, anagawa makoti ovyo. Koti lile tulilivaa kwa zamu mpaka likachakaa viwiko.

Yeye akafika Maskati na salamu zetu. Shangazi yake, mama mkwe wangu, akamuuliza, kama mama yeyote atakavyouliza, wanangu wanalala wapi? Naye si mwongo. Akasema, wanalala chini, Shangazi, ndani ya khema, na wanakwenda kwa miguu.

Mama mkwe hakutuandikia hata neno moja la kuuliza. Adabu ile ile. Humwandikii mwanao kumkumbusha kwamba hana kitanda. Akamwambia Mola badala yake.

Hayo yote niliyapata siku ile ile ya kufika, baada ya chakula cha mchana, mama mkwe alipotuita chumbani. Nguo zilikuwa zimeondolewa kitandani. Limetandikwa shuka jipya linalonukia udi, na mito miwili yenye foronya za kudarizi. Wanawake walisimama mlangoni, mmoja nyuma ya bega la mwenzake.

"Pandeni," akasema mama mkwe.

"Mama?" mume wangu akauliza.

"Pandeni mlale, wote wawili. Nataka kukuoneni kwa macho yangu."

Tukapanda. Mtu mkakamavu kama mimi, niliyelala kwenye majabali mbele ya Wazungu wasionijua, nililala kitandani kando ya mume wangu mbele ya mama yake na majirani, nimenyooka, mikono ubavuni, nikitazama boriti za dari. Mama mkwe akainua mikono. Alisoma dua ndefu, akalia, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Nliweka nadhiri," akasema. "Tangu alipokuja mwana wa mjomba wenu na salamu zenu. Nlisema, ya Rabbi, maadamu wanangu wanalala chini, na mie kitanda sitokilalia, mpaka Uwape chao. Mjomba wenu kanchongea hiki, nkamwambia nnashukuru, nkaweka nguo juu yake. Alhamdulillahi. Leo nnakuoneni."

Nikayafumba macho. Sandukuni, hatua chache kutoka pale kitandani, mlikuwa na albamu yetu ya picha. Tuliipanga kwa wiki nzima kabla ya kuondoka, nikiibandika kila picha pembe zake, ili tuje tuwachangamshe watu. Nilijua pale pale kwamba mama yule akiiona atajua alilala sakafuni, miaka na miaka, kwa ajili ya mchezo wetu. Na asipoiona, basi tutaishi katika huruma yake kama wezi.

Nadhiri ikaondolewa kwa mbuzi. Majirani wakala, maskini wakapelekewa, na wanawake wakanizunguka niwahadithie. Huko kuna baridi kweli? Nikasema baridi mpaka maziwa yaliganda ndani ya chupa. Mkila nini? Mkate na samaki wa kopo. Mkinyeshewa? Mpaka mifupani. Sikusema hata neno moja la uongo. Niliacha tu kusema kwamba tulikuwa tunacheka. Kila nilipomaliza, mmoja alitikisa kichwa na kuondoka, akarudi na kitu: blanketi, mashuka, birika. Jirani wa mbele alileta godoro la sufi, jipya, lililoshonwa kwa mkono. Godoro lile, nikaambiwa na mwingine, alikuwa amemwekea mwanawe.

Sikujua uso wangu niuweke wapi.

"Mwambie mama yako," nilimwambia mume wangu tulipokuwa peke yetu juu ya paa la nyumba, tunaanika nguo.

"Nimwambie nini? Kwamba alilala chini kwa sababu mimi napenda milima?"

"Basi usimwambie. Lakini usiwe unakula mbuzi wa nadhiri kwa raha namna ile. Umerudia mara mbili!"

"Nikikataa wataniuliza kwa nini."

Na hapo alikuwa na haki, jambo lililonizidishia hasira.

Kitanda kikahamishiwa chumba cha pili, tukakilalia sisi, kwa amri. Tulimbembeleza mama mkwe akichukue, naye akasema keshalala vitanda vingi maishani mwake, na mgongo ushazoea mkeka. Haukuzoea chochote. Alipoamka kusali alikuwa akijishika ukutani, goti kwanza, kisha nyonga, na mahali pale kiganja chake kilipogusa kila siku chokaa ilikuwa imeingia weusi, alama ya mkono mmoja. Nilipokuwa nikifagia chumba chake nilikuwa nikifagia nimeipa mgongo alama ile.

Mume wangu alipata kazi serikalini upesi, maana wakati ule serikali mpya ilikuwa ikiwahitaji waliosoma. Siku nzima ofisini, jioni barazani na mjomba. Nikaona anaanza kuzunguka uani kama jogoo aliyefungwa mguu. Na mimi vilevile, tusidanganyane. Milima ya Maskati inasimama nyuma ya nyumba za watu kabisa, myeusi, mikavu, na kila nikifungua dirisha la jikoni naiona. Wenyeji hawaitazami. Sisi tulikuwa tunatazama milima na kutazamana.

Ijumaa moja, baada ya sala ya alfajiri, alitoa shanta. Sikumzuia. Nilivaa viatu vyangu vya mlimani chini ya buibui, nikafunga mkate na tende. Tukatoka mlango wa mbele, tukapita kijiji cha Sidab, tukapanda. Hapakuwa na mvua wala majani, jiwe tupu linalokwangua viganja, lakini pumzi ilikuwa ile ile, na kule juu mume wangu akapiga kelele ya furaha aliyokuwa akiipiga Norway, na mlima ukamjibu. Tukateremkia Qantab, kijiji cha wavuvi katika ghuba ndogo. Wakatuuliza tumekuja kwa nani. Tukasema hatukuja kwa mtu. Wakatuchomea samaki wakitutazama kwa wasiwasi, kisha tukarudi kwa njia tuliyojia.

Tulipofika nyumbani alasiri, viatu vya wanawake vilikuwa vimejaa mlangoni. Nikadhani pana msiba. Ndani, mama mkwe alikaa kwenye mkeka, mtandio umemwanguka mabegani, na jirani wa mbele amemshika mkono. Yeye ndiye aliyetuona asubuhi tunatoka na mizigo mgongoni, akaja kumwambia.

"Nani kakufukuzeni?" mama mkwe akauliza alipotuona. "Mjomba wenu? Mie? Nani kakwambieni neno?"

"Hakuna mtu, Mama," mume wangu akasema. "Tumekwenda kutembea tu. Qantab."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu."

"Mna haja gani Qantab?"

"Hatuna haja. Tunapenda tu kutembea, Mama. Milimani."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akaviangalia viatu vyake, kisha vyangu, viatu vizuri vya ngozi, vilivyonunuliwa dukani na kupakwa mafuta kwa uangalifu miaka yote ile. Nikaona jambo linamwingia. Linaingia pole pole, na sikuweza kulizuia.

"Na huko?" akauliza.

"Na huko pia, Mama," akajibu mume wangu, kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyekuwa karibu niliyeisikia vizuri. Mimi na mama yake.

Ningependa apige kelele. Ningependa atutukane. Yeye aliuvuta mtandio, akaufunika kichwa vizuri, akawageukia wenzake.

"Mnaona?" akawaambia. "Mateso yalowapata. Hata leo wana nyumba, wana kitanda, miguu haiwatulii. Imezoea kufukuzwa. Waombeeni wanangu."

"Maskini," wakasema wote, na wengine wakaanza tena kulia.

Walipoondoka, alibaki amekaa pale pale. Tukachutama mbele yake kama watoto waliovunja kikombe.

"Picha mnazo," akasema. Hakuuliza. "Mtu akistarehe hupiga picha."

Nikaileta albamu. Akaifungua mapajani, akageuza kurasa kwa kidole gumba, taratibu. Visiwa, kigari, ziwa, mpwa wake na suti yake mlangoni mwa hema. Akasita kwenye picha yangu juu ya baskeli, nywele zimetimka, kinywa wazi kwa kicheko mpaka magego yanaonekana.

"Hii kabla hajaja mwana wa mjomba wenu, au baada?"

"Baada, Mama," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka siku ile. Kisha akaupiga mkeka kwa kiganja, pembeni yake.

"Mie nlikuwa hapa," akasema.

Hapakuwa na hasira katika sauti yake. Alikuwa ananionyesha tu mahali, kama vile picha ile imemwacha nje na yeye anaonyesha pa kumtia. Nikalia. Hakunibembeleza, wala hakunizuia.

"Mie si kitu," akasema baadaye, akiifunga albamu. "Mie mama yenu, kulala chini kwa ajili yenu hakunipunguzi. Lakini yule wa nyumba ya mbele. Kila Ijumaa tukikaa kusoma Yasini, nlikuwa nkimwambia, tumwombee mwanao kwanza. Naye akisema la, tuanze na wanao wewe, wangu yuko mikononi mwa Mungu, wako wanalala mvuani. Kila Ijumaa. Asijue yule. Mkitoka tena, tokeni mlango wa nyuma, na mniambie kabla, nisikuombeeni bure."

Kesho yake asubuhi, mume wangu ameshakwenda kazini, jirani wa mbele alibisha hodi. Alikuja na chupa ya mafuta ya habbasoda aliyoyapasha moto. Alikuwa amefikiri usiku kucha, akasema, juu ya miguu yangu. Huko kwao bibi yake alikuwa akiwatibu wagonjwa wa miguu, na dawa ilikuwa hiyo. Nikasema si lazima, Mama, nimepona. Hakunisikiliza. Akakaa kwenye mkeka wa mama mkwe, akauvuta mguu wangu mapajani mwake.

Ulikuwa mguu mzima, wenye nguvu kuliko wake, nyayo ngumu kwa milima ya watu. Akaumwagia mafuta, akaanza kuukanda kwa vidole vyake vyembamba, akisoma chini kwa chini. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa ameshika sindano na kofia aliyokuwa akiishona, naye akanitikisia kichwa mara moja: nyamaza.

"Tulia," jirani alikuwa akiuambia mguu wangu. "Tulia, ushafika kwenu. Tulia."

Alipomaliza ule, nikampa wa pili.